Namhala Hapitwi

Miaka ile ya ruksa, madukani vitu vilipofurika na pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi, mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyekuwa wa kwanza Bariadi kupanda baiskeli ya gia. Wenye vyeti vyao walikuwa bado wanakwenda kwa miguu. Siyo majivuno, aliyekuwepo anajua.

Jumapili makarani na mafundi vijana walikuwa na msafara wa kujistarehesha tu: wanashika barabara ya Mkula, wanakula mishikaki, wanarudi. Nikajiunga. Mwendo haukunivuta, maana miguu ya kuwazidi nilikuwa nayo. Nilifuata kicheko. Nilikuwa nawasikia kutoka ghalani kwangu kwa pamba wakipita, wanataniana mpaka baiskeli zinayumba. Mimi, tangu nipate lori, hakuna aliyenitania.

Siku ya kwanza nikakaa katikati. Fundi redio mmoja akapiga kengele, akaniachia njia. "Namhala, tangulia."

Namhala kwetu ni mzee wa heshima. Hata mvi sikuwa nazo! Lakini ukiwa na ng'ombe na lori utaitwa hivyo, na namhala hapitwi njiani. Kichwa kikanivimba, nikatangulia.

Basi nikafungwa hapo mbele. Upepo wote wa ziwani kifuani kwangu, wao wamejibanza mgongoni kama ndama. Nikikaza, wanakaza. Nikilegeza, wanalegeza. Utani uko huko nyuma, mimi napata mkia wake tu, na nikigeuka wananyamaza. Siku moja nikasimama, nikasingizia mnyororo, ili wapite. Wote wakasimama. Mmoja akainama kuukagua, adabu tele.

"Mzima, namhala."

Nikapanda tena. Na kuacha nisingeweza; mji mzima ungesema nimechoka.

Aliyenitoa pale ni Mzaramo mmoja mnene, mwenye duka la vitenge, aliyejiunga baadaye. Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani hajui namhala. Alinipita anahema, baiskeli inalia chini yake.

"Msukuma, sogea! Unaendesha au unachunga?"

"Pita, mla nazi! Ukianguka nakuzika bure."

"Utazika nini, kaburi lenyewe utaliuza!"

Watu wakacheka, na safari hii nami nilikuwamo. Nikajibanza nyuma ya mgongo wake mpana, upepo ukakatika. Raha gani ile!

Ila mwendo wake ulikuwa wa watu wanaotoka mazikoni. Mimi sikumpita, na wao wasingeweza kunipita mimi. Msafara mzima ukajikokota, mishikaki tukaikuta imeshaisha. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili iliyofuata tulifika sisi wawili tu. Muuza chai wa pale tulipozoea kukutana akatuambia vijana wameondoka mapema, wameshika barabara ya Maswa. Kimya kimya, kwa heshima zote.

"Wamekukimbia, Msukuma."

"Wamekukimbia wewe, na tumbo lako."

Tukaenda wawili. Utani ukatuishia kabla ya mlima wa kwanza, akaanza kunieleza bei za vitenge, aina moja baada ya nyingine. Miguu ilikuwa inaniwasha. Kwa gia zile ningemwacha akawa nukta. Lakini barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, na nikimpita huyu, ni nani tena angenisemesha?

Gurudumu langu likakaribia kugusa lake. Nikashika breki.