Oda ya Kuruti Kutoka Tash-Koro

Burulkan ni jirani yangu, na kuruti zake, vile vitafunwa vya maziwa makavu, nimezila tangu sijamaliza kuota meno. Huchuja maziwa ya mgando katika mfuko wa nguo, huyatia chumvi, huviringisha vidonge, kisha huvianika juu ya paa la zizi mpaka viwe vigumu kama kokoto. Miaka yote aliuza kando ya barabara ya Naryn, akigombana na vumbi. Ndipo mkamwana wake, Nurzat, akamwandikisha kwenye tovuti ya watengenezaji wadogo wa vyakula. Huyu ana asali, yule siagi. Mteja wa mji mkuu, Bishkek, anabonyeza, mzigo unapanda basi.

"Mama, tabasamu basi, nakupiga picha."

"Wananunua kuruti au meno yangu?"

Picha ile ya kununa iliuza kuliko asali ya watu.

Alasiri moja simu ya Nurzat ikalia, akasoma oda kwa sauti. Mfuko mmoja, kuruti za kufukizwa kwa moshi wa mreteni, "na ulete mwenyewe, Pua-bapa."

Burulkan akaacha kuviringisha. "Hebu rudia hilo la mwisho."

"Pua-bapa." Nurzat alikuwa anacheka. "Mteja gani huyu mchokozi!"

Mama mkwe hakucheka. Aliyemwita hivyo alikuwa mmoja tu, dada yake Upel, aliyefukiwa na poromoko la theluji kabla Nurzat hajazaliwa, yeye na nyumba na kondoo wake. Walichimba mpaka majira ya kuchipua, hawakumpata. Na mzigo ulitakiwa upelekwe Tash-Koro mlimani, nyumba ya juu, palepale alipofukiwa.

Nurzat akampigia mwenye tovuti.

"Oda hiyo kwangu haipo, dada," akajibiwa.

"Ni mhuni tu, mama. Tuifute."

"Mhuni kalijuaje jina langu la utotoni? Niletee kuni za mreteni."

Kuruti zilipokauka walipanda farasi, mchana kweupe. Tash-Koro siku hizi ni mawe na nyasi. Chini kidogo ya ilipokuwa nyumba ya juu, farasi wakagoma, masikio yamesimama. Upepo haukuwapo. Nyasi za pale zilikuwa zimelala, kama mahali mtu alipokaa kitako muda mrefu.

Burulkan akaenda peke yake, akauweka mfuko, akabaki amesimama. Nurzat ameniapia kwamba alisikia kitu kikitafunwa, taratibu, kama mwenye meno mabovu atafunavyo kuruti.

"Mama, tuondoke! Nakuomba!"

"Ngoja amalize."

Kisha Burulkan akapiga magoti, akaanza kumsomea marehemu Kurani, maana hakuwahi kuwa na kaburi la kumsomea. Sauti yake ilikatika mara kwa mara kwa kilio. Aliposema amina, kutafuna kukakoma. Wakati wa kushuka Nurzat aligeuka: mfuko ulikuwa palepale, mdomo wake ungali umefungwa kamba.

Walipofika nyumbani ile oda ilikuwa na alama ya kupokelewa. Hawakuigusa.

Burulkan bado anauza, na wateja wameongezeka. Wakati wa kiangazi alituomba sisi majirani tumjengee Upel uzio wa kaburi kule juu, ingawa hakukuwa na cha kuzika. Tulibeba mawe, tukayapanga. Alitaka uzio uwe na mlango, na mlango uelekee njia ya kijijini, ile inayoshukia zizini kwake. Tukaujenga hivyo.