Nyuzi za Kwenye Kola

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Dodoma tulikaa wanne katika chumba ambacho ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unagusa vitanda vya pande zote mbili. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, dirisha moja, na makabati manne ya chuma ambayo mawili hayakufungika. Maji yalipanda hadi ghorofa yetu siku za Jumatano na Jumamosi tu, kwa hiyo siku hizo bweni zima lilikuwa linafua. Kufua hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kuanika.

Nyumbani kwetu Busi tulianika juu ya ua wa minyaa. Mama alitufundisha kuitandaza nguo taratibu bila kuvunja kijiti, maana utomvu wa mnyaa ukigusa kitambaa cheupe doa halitoki. Zaidi ya hapo hapakuwa na la kuhofia. Chuoni kulikuwa na kamba sita za waya nyuma ya bweni, na aliyewahi kufua ndiye aliyepata nafasi. Wakati wa kiangazi shuka lilikauka ndani ya muda wa kwenda kula na kurudi, lakini upepo ulikuja na vumbi, ikabidi ufue mara ya pili. Halafu kulikuwa na wezi. Wiki ya tatu tangu nifike, sketi yangu ya jinzi iliondoka kwenye kamba, vibanio vyake viwili vikabaki. Aliyeichukua alikuwa amevirudisha pale pale, vimekaa sawa. Nilisimama nikavitazama muda mrefu kuliko nilivyoitafuta sketi yenyewe.

Tukafunga kamba ya manila chumbani, kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye nguzo ya kitanda kilicho karibu na mlango. Sheria za bweni zilikataza, lakini kila chumba kilikuwa na kamba yake, na msimamizi wetu, mama mmoja mpole, alikuwa na desturi ya kupiga hodi kwa muda mrefu sana kabla ya kuingia.

Kamba yetu haikuzidi hatua nne. Upande wa dirishani tulimwachia dada mmoja aliyelala kitanda cha chini, mkabala na changu. Alikuwa haoni tangu utotoni. Alinizidi miaka minne, kwa hiyo mimi nilimwita dada na yeye akaniita mdogo wangu, ingawa tulikuwa mwaka mmoja. Shule ya msingi alisoma Buigiri, shule ya wasioona, akaendelea mbele pamoja na wanaoona, na sasa alikuwa anasomea ualimu wa Kiswahili na historia. Kufua alijifulia mwenyewe. Alinishinda kwa kukamua. Nguo iliyotoka mikononi mwake haikudondosha hata tone.

Wiki za mwanzo nilikuwa namtazama akianika, nikijua hajui kama namtazama, na baadaye nikaona aibu kwa hilo. Alianza na nguo ya kwanza dirishani kabisa, akaipangia inayofuata kwa kupima na kiganja, blauzi kwanza, kisha sketi, kisha khanga. Wakati wa kuanua hakushika nguo kwa vidole ili kujua kama imekauka. Alichukua pindo akaliweka shavuni. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia vidole vyake vinasoma maandishi ya nukta nundu kutwa, na vikishapata maji ya baridi havimwambii chochote cha maana.

Nilichokuwa sijamuuliza ni kuhusu nyuzi. Karibu kila nguo yake ilikuwa na uzi uliochomoza kwa ndani, kwenye kola au kwenye mshipi, umefungwa fundo moja, mawili au matatu. Mimi nilidhani ana fundi mzembe.

Mvua zilipoanza mwezi wa kwanza, zile kamba za nje hazikutufaa tena, na ile ya ndani ikabeba mzigo wote. Chumba kilinuka nguo mbichi. Tuliinama ili kufika mlangoni. Jumamosi moja nilifua kitenge changu kipya nikakianika karibu na blauzi zake mbili nyeupe kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Kitenge kilichuja. Nilipokuja kuangalia, blauzi moja ilikuwa imeingia rangi ya zambarau kuanzia begani hadi kifuani.

Hilo nilimwambia pale pale. Hakupandisha sauti. Aliniuliza doa lina ukubwa gani, kama sarafu au kama kiganja. Nikamwambia kama kiganja, nikaushika mkono wake nikamwonyesha lilipoanzia na lilipoishia. Tulijaribu ndimu, tukajaribu sabuni ya mche, tukaianika juani siku jua lilipotoka. Doa lilipauka kidogo tu. Akasema basi, hiyo ataivaa chumbani, blauzi nzuri ibaki ile nyingine. Zilikuwa blauzi za kitambaa kimoja na mshono mmoja. Dada yake alizishona pamoja.

Wiki mbili baadaye, ile hatia ya kitenge ikiwa bado inanisumbua, niliazima pasi chumba cha jirani. Nilipomaliza kupiga nguo zangu nikaamua nipige na zake, ziwe fidia. Alikuwa amelala kitandani na kisikilizio katika sikio moja, anasikiliza mhadhara aliourekodi. Sikumwambia, nilitaka akute zimekunjwa. Nikaanua nguo zake zote, nikapiga pasi moja baada ya nyingine, na kila nilipokuta uzi uliochomoza nikachukua kiwembe nikaukata. Nilifanya kazi safi. Nguo kumi na moja, hakuna hata moja iliyobaki na uzi. Nilizikunja vizuri nikaziweka kwenye rafu yake, zile blauzi mbili nyeupe juu, na moyo wangu ukawa mweupe vilevile. Sikujiuliza hata mara moja yeye hutofautishaje blauzi hizo.

Jumanne iliyofuata kundi lake lilikuwa linawasilisha kazi mbele ya darasa, na yeye ndiye msemaji. Mimi nilikuwa na kipindi cha asubuhi, nikatoka chumbani kabla yake. Wenzetu wawili walikuwa bado wamelala. Alivaa peke yake, akachukua karatasi zake na fimbo yake, akaenda.

Nilimkuta chumbani mchana. Alikuwa amekaa kitandani amejifunga khanga kifuani, blauzi ameishika magotini.

“Mdogo wangu,” akasema, “blauzi hii ina doa?”

Sikuhitaji kusogea ili nione. Nikamwambia ina doa.

Akanisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari ya mtu mwingine. Alisimama mbele ya darasa la watu wengi akaanza kusoma karatasi zake kwa vidole. Safu ya mbele ikaanza kunong'ona. Alifikiri amekosea tarehe, akarudia sentensi. Manong'ono yakaendelea. Katikati ya maneno yake, mwenzake mmoja wa kundi akaja akamtupia sweta mabegani bila kusema neno. Akafikiri labda ameonekana anasikia baridi, akamshukuru mbele ya watu, na watu wakacheka. Aliendelea mpaka mwisho. Wakati wa kutoka, mlangoni, ndipo msichana mmoja alipomwambia kwamba amevaa nguo yenye doa kubwa.

Doa lenyewe, alisema, si kitu, kila mtu amewahi kuchafuka. Kilichomuuma ni kwamba alizungumza muda wote ule na watu wanatazama kitu ambacho yeye peke yake alikuwa hana habari nacho.

Kisha akapitisha kidole ndani ya kola, polepole, akaenda hadi mwisho na kurudi.

“Nyuzi zangu nani amezikata?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Yale mafundo yalikuwa macho yake kwenye nguo. Na mimi nikasema, “Sijui, dada. Labda zimekatika wakati wa kufua.”

Aliinuka akachukua nguo zake zote kutoka kwenye rafu, akazipapasa kola na mishipi moja baada ya nyingine, akazirudisha. Nikajifanya natafuta daftari kisha nikatoka nje. Sikuwa na pa kwenda. Nilikaa kwenye ngazi za bweni mpaka wenzetu waliporudi, ili nisiwe naye peke yangu.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya maji. Nilimkuta bombani na beseni lake, nikaweka langu kando. Tulifua nguo mbili tatu. Mwishowe nilimwambia kwamba ni mimi niliyekata zile nyuzi, kwamba nilidhani ni uchafu wa fundi, na kwamba jana nilimdanganya. Nilisema yote kwa mkupuo, nikitazama povu.

“Najua,” akasema. “Siku ile nilisikia kiwembe. Nikadhani unakata kucha.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema jana.

“Nilikuuliza. Nilitaka uniambie mwenyewe.” Akasuuza nguo aliyoishika, akaikamua. “Haya, na mimi nina kosa. Sikukwambia nyuzi ni za nini. Nimezoea watu hawaulizi.”

Alasiri ile tuliketi kurudisha alama. Nilidhani kazi ya sindano itakuwa yangu, maana nilitaka kuifanya. Alikataa. Alitunga uzi mwenyewe kwa ncha ya ulimi, haraka kuliko mimi, akaniambia kazi yangu ni moja tu: nimtajie nguo aliyoshika ina rangi gani na kama ina doa. Nyeusi fundo moja, bluu mawili, maua maua mafundo matatu. Nyeupe nzima haina kitu, ndiyo maana asubuhi ile kola tupu haikumshtua. Nyeupe yenye doa, uzi mrefu usio na fundo. Nilitaja, akafunga. Kumi na moja.

Tulipomaliza alikusanya nguo zote mikononi, akachukua fimbo, akatoka. Nikasikia akibisha mlango wa jirani. Chumba chetu na chao vilitenganishwa na ukuta mwembamba, na mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akimwomba binti wa huko amwambie hii ni rangi gani, na hii je, na hii ina doa. Nguo kumi na moja, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule. Binti alijibu kama nilivyojibu mimi. Niliposikia hatua zake zinarudi niligeukia ukutani nikajifanya nimesinzia.

Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Lakini nilipojaribu kutafuta la kumlaumu sikulipata. Angeniaminije? Doa lilitoka kwangu, nyuzi nilikata mimi, na alipouliza nilisema sijui.

Miezi iliyofuata hatukulizungumzia tena. Tulikuwa tunaamkiana, tunakula pamoja mara nyingine, namsomea tangazo lililobandikwa ukutani, naye ananieleza historia niliyokuwa siielewi. Kila nikianua nguo zake kwa ajili ya mvua nilizirudisha kwa mpangilio alioziweka, dirishani kwanza, na nikamwambia kila nilichogusa. Mwanzoni alikuwa anaitikia tu. Akipata nguo mpya aliniuliza rangi, kisha siku hiyo au ya pili yake nikamsikia kwa jirani.

Muhula wa pili, mvua zimekwisha na vumbi limerudi, ndugu yake mmoja alimletea kitambaa cha sketi kutoka Bahi. Aliniita, akanipa. Nikamwambia ni kijani cha majani ya mpunga, hakina maua. Akakaa nacho kidogo magotini. Kisha akatunga uzi, akafunga mafundo manne pembeni mwa kitambaa kabla hata hakijashonwa, akakiweka kabatini. Nilisubiri siku hiyo na siku ya pili. Hakwenda kwa jirani.

Mwisho wa mwaka tulijaza fomu za vyumba. Wanafunzi wenye ulemavu waliruhusiwa kuandika mtu wanayetaka kukaa naye, sisi wengine tulipangwa tu. Majina yalipobandikwa nilijikuta niko chumba kimoja naye, ghorofa ya pili. Nilifikiri imetokea hivyo tu mpaka msimamizi aliponiambia kwamba dada huyo aliniandika mimi, na kwamba aliandika jina moja pekee.

Nilimuuliza tukiwa tunafunga mizigo. Nilitegemea, nadhani, aseme neno kuhusu urafiki. Alikuwa anakunja godoro lake kwa kamba.

“Wewe nimeshakufundisha,” akasema. “Mwingine itabidi nianze upya. Shika huku, nifunge.”

Nikashika. Lilikuwa godoro gumu lisilokunjika kirahisi, ikabidi niliegemee kwa goti. Alifunga, akajaribu kulivuta, akasema limekaa. Tukalipandisha ngazi pamoja, yeye mbele na mimi nyuma.