Mapafu ya Mchimba Madini

Pale tunapotengenezea michezo ya kompyuta, katika mji wa migodi wa Oruro, fundi wetu wa kusawazisha mapigano ya mchezo hafanyi kazi ameketi. Husimama, shavu limejaa majani ya koka anayotafuna apate nguvu, akiwagombeza mashujaa wa kwenye skrini kama watoto watundu. Shujaa mmoja, mchimba madini, alikuwa akishinda kila pambano hadi wachezaji wakamchoka, na bosi akataka aondolewe. Wilmer aliyemtunga alikaribia kulia.

“Thubutu!” fundi akamaka. “Wilmer, si uliandika mapafu yake yameliwa na vumbi? Basi akizidisha kupiga nyundo yake, akohoe!”

Akabadilisha, akajaribu. Shujaa alipiga, akakohoa, akapiga magoti, adui akamjia. Fundi mwenyewe alikuwa amebana pumzi. Nyundo ilipoinuka tena, alimrukia Wilmer shingoni kwa furaha.

“Umeona, kaka? Nusura afe! Sasa anashindika, haondolewi tena!”