Theluji ya Nje ya Nguzo

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tatu. La, ngoja kwanza. Elfu mbili na tatu theluji ilichelewa mpaka watu wakala Krismasi wakitazama nyasi dirishani, na wageni waliokuja kuteleza wakarudi makwao wamenuna. Basi ilikuwa mwaka uliofuata, wa nne, ndipo Wendell alipokuja bondeni kwetu kuujaribu msimu wa baridi, kama mtu anavyojaribu kiatu, anatembea nacho kidogo, anatazama kama kinabana.

Alikuja kwa mkwewe, Kassian Praxmarer. Kassian alikuwa msimika nguzo. Kila mwaka kabla msimu haujafunguliwa, yeye na Vinzenz, yule dereva wa mashine ya kusawazisha theluji, walipanda mlimani wakasimika nguzo pande zote mbili za kila njia ya kutelezea. Za bluu kwa wanaojifunza, nyekundu kwa waliokomaa, nyeusi kwa wenye magoti ya chuma. Nguzo za ukingo wa kulia zina kichwa kirefu cha rangi ya chungwa, ili ukungu ukishuka mtu ajue yuko upande gani. Kazi hiyo aliianza angali kijana, na mvi zikamkuta huko huko juu. Mkewe Rosina alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mtoto walijaliwa mmoja tu, Notburga, sote twamwita Burgi, naye aliolewa na Wendell huyo, mbali, Kolorado, Marekani.

Nyumba ya Kassian ilijengwa na babu yake, mbao zake zimeungua kwa jua zikawa nyeusi kama mkate wa nafaka ya rai. Nyumba za namna ile hazipendi upweke. Zikikosa watu zinalia kwa viungo, halafu siku moja anakuja mtu wa mjini anazigeuza vyumba vya wageni, na jina la ukoo linabaki makaburini tu. Mzee alilijua hilo. Kwa hiyo Burgi alipopiga simu kusema mumewe amekubali kuja msimu mzima, na kwamba akipapenda watahamia moja kwa moja, Kassian aliweka simu chini, akapanda ngazi, akaanza kukishusha kitanda chake.

Kwetu mzee anapokabidhi nyumba, hukiacha kile chumba kikubwa cha juu akahamia kijumba kidogo nyuma ya jiko la vigae. Lakini hufanya hivyo warithi wakisha kuingia, si kabla. Vinzenz alimkuta ngazini amebeba godoro kichwani.

"We Kassian, umefukuzwa ama unahama?"

"Nahama."

"Mkwe hata stesheni hajafika!"

"Akifika akute pako wazi."

"Na asipopapenda?"

"Shika upande huo, acha domo."

Si kwamba Kassian na Wendell hawakujuana. Mzee alikuwa amekwenda Kolorado kwenye harusi, akiwa na suti yake moja na ski zake mbili za kutelezea, na siku ya pili baada ya harusi Wendell akampeleka mlimani kumwonyesha kwao. Burgi alikuwa mkalimani kati yao, na mara nyingi alicheka kwanza, akatafsiri baadaye.

"Baba, hili duara la kijani ni la watoto," Wendell alisema, akionyesha ubao. "Mraba wa bluu ni wa watu wa kawaida kama mimi. Almasi nyeusi ni ya wanaojiweza. Almasi mbili, andika wosia kwanza."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu hatuna."

"Mlima usio na nyekundu!" Kassian alishika kiuno. "Yaani mtu anatoka bluu anarukia nyeusi? Ni kama kumwachisha mtoto ziwa asubuhi na kumwoza jioni."

Wakateleza. Mzee akaishuka ile almasi nyeusi bila hata kofia kumtoka, akaona fahari. Ila kitu kimoja kilimshangaza. Watu walikuwa wakiacha njia na kupotelea msituni, wengine wakimwagika kwenye mabakuli meupe ya milima, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote.

"Nguzo ziko wapi?" aliuliza.

"Za nini, baba? Kila kilicho ndani ya kamba ni chetu. Alfajiri walinzi wanaipiga milima mizinga mpaka theluji yote inayotaka kushuka ishuke, na pabaya wanapafunga. Ukiona kamba, hapo ndipo mwisho wa dunia. Kabla ya kamba, teleza utakapo."

Kassian alitikisa kichwa. Aliyachukua maneno yale kama majivuno ya watu wenye nchi kubwa. Lakini aliyasikia kwa masikio yake mawili, na Burgi ndiye aliyeyatafsiri. Msomaji, neno hilo lishike.

Basi Wendell akaja na Burgi. Mtu mrefu, mcheshi, mikono mikubwa, hodari wa kupasua kuni. Wiki ya kwanza alikula supu ya madonge mpaka Vinzenz akamwuliza kama Marekani kuna njaa. Kutwa alikuwa mlimani, na kila jioni alirudi na hukumu yake.

Siku ya bluu: "Baba, hii si njia, hii ni sebule. Nimekutana na bibi mmoja anafuma!"

Siku ya nyekundu alirudi anasugua goti. "Hii kwetu wangebishana. Nusu mraba wa bluu, nusu almasi."

"Ah! Sasa umeiheshimu."

Siku ya nyeusi aliingia anacheka tangu mlangoni. "Ni mteremko mkali kweli, nakubali. Lakini imepigwa pasi! Nyeusi yenu imepigwa pasi kama shati la harusi! Kwetu almasi haipigwi pasi. Ina matuta, ina miti, ina theluji inayokufika kiunoni."

Vinzenz, ambaye ndiye aliyeipiga pasi kwa mashine yake, aliweka kijiko chini. "Mwambieni huyu kijana asubuhi nitamwachia makunyanzi, avae hivyo hivyo."

Hapo ndipo walipoanza mchezo wao wa vikombe. Kassian alipanga vikombe vyake mezani, kila kikombe rangi moja ya njia, Wendell akapanga vyake mbele ya vile. Bluu ya hapa ni duara la kijani la kule, pamoja na pembe ya mraba. Nyekundu ya hapa inakalia mraba wote na kuchungulia kwenye almasi. Nyeusi ya hapa ni almasi, lakini iliyochanwa nywele. Almasi mbili haikupata kikombe cha kukaa nacho.

"Wafaransa wanayo kijani," Kassian alieleza, "sisi hatuna. Na hata hapo bonde la pili tu, nyekundu yao ni bluu yangu. Kila mlima unajipima kwa kamba yake wenyewe."

"Na kila mwanamume," alisema Vinzenz.

Burgi alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni ya mamake. Mzee alimtazama, akaona kwamba nyumba imeshapata watu. Alimwongezea Wendell donge.

Sasa, bondeni kwetu kuna jambo ambalo halitajwi mezani wakati wa theluji, maadamu yupo mtu wa nyumba ile atakayepanda kesho. Ile inayoporomoka na kufukia watu. Hatuiti jina lake. Ukilitaja ndani, wazee walisema, umeifungulia mlango. Mtu akilazimika kuonya, huzunguka, hutia mzaha, na mtoto wa hapa anaelewa tangu akiwa mapajani.

Jioni moja Wendell alinyoosha kidole dirishani. "Ule uwanja mweupe kulia kwa nyeusi ukishuka, kati yake na lifti ya viti inayopandisha watu. Haujaguswa hata na mtu mmoja. Ni wa nani?"

"Wa mbuzi wa mwamba," alisema Kassian. "Na wao wenyewe huingia kwa kuomba ruhusa."

Burgi alitafsiri, na akacheka, kwa kuwa ndivyo babake alivyokuwa akimwambia alipokuwa mtoto. Wendell naye akacheka. "Basi nitawaomba!"

Kassian alijua kwamba ameonya. Burgi alijua kwamba babake ameonya. Na mgeni alijua kwamba wamefanya mzaha.

Kwa maana huku kwetu nguzo ndizo kamba. Kilicho kati ya nguzo mbili kimetazamwa, kimepimwa, kimelindwa. Kilicho nje, hata kama ni hatua moja, hata kama lifti inapita juu yake na watu wananing'iniza miguu, hakina mlinzi wala mzinga. Hakuna mtu bondeni asiyelijua hilo, na labda ndiyo sababu hakuna aliyelisema. Rangi zote walizilinganisha kwa vikombe. Nyeupe hawakuilinganisha.

Theluji ilianguka siku mbili mfululizo na upepo, kisha pakapambazuka na jua kali, mlima unang'aa mpaka macho yanauma. Burgi alikuwa ameshuka mjini kununua nyama. Wendell alikuwa akifunga viatu kizingitini. Mzee alipompita na nyundo yake begani, kijana alimshika mkono, akatafuta maneno katika lugha yetu, akayapata matatu manne.

"Baba. Chumba juu zuri. Sisi kaa." Kisha akaweka kidole mdomoni. "Burgi, mimi sema. Leo jioni."

Kassian alimpiga kofi la bega, akaenda zake haraka, kwa sababu uso wake haukuwa umezoea mambo yale. Asubuhi hiyo alizisimika upya nguzo za bluu zilizoangushwa na upepo, na waliompita walisema alikuwa akipiga mluzi. Kassian, kupiga mluzi!

Redio ya kazi kiunoni mwake ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Vinzenz, lakini bila mzaha wake.

"Kassian. Njoo juu ya nyeusi. Njoo na koleo."

Uwanja wa mbuzi haukuwepo tena. Mahali pake palikuwa na kovu refu, na chini yake lundo la theluji ngumu kama saruji. Walichimba. Walikuja watu wa uokoaji na mbwa wao, walikuja waalimu wa kuteleza, alikuja hata mpishi wa hoteli na aproni yake. Mbwa ndiye aliyempata, na Kassian aliutambua mkono kabla ya uso, ule mkono mkubwa uliomshika asubuhi. Yaliyobaki nitawaachia wengine wayaseme, mimi siwezi.

Jioni Burgi alikaa mezani hajavua koti. Vikombe vilikuwa bado rafuni, safi.

"Baba, hukumwambia kuhusu nguzo?"

"Nilimwambia. Nilisema ni ya mbuzi."

"Hiyo unaniambia mimi. Mimi wa hapa." Sauti yake haikupanda. "Nilidhani mkiwa wawili huko mlimani umemwambia vizuri. Kazi yako ni nguzo."

"Nami nilidhani wewe umemwambia. Ni mumeo, mna lugha moja."

Wakatazamana. Maji yalikuwa yamemwagika, na kila mmoja ameshika nusu ya mtungi. Kisha Burgi akasema polepole, "Kule kwao alituambia mwisho ni kamba. Ulisikia. Mimi ndiye niliyekutafsiria."

"Nilisikia."

Baada ya hapo hawakulisema tena.

Burgi alimchukua mumewe akamzike kwao Kolorado, aliko mama yake Wendell. Stesheni, treni ikiwa imeshasimama, mzee akajikaza. "Burgi. Asubuhi ile aliniambia mtakaa. Alitaka akwambie mwenyewe jioni."

Burgi alifumba macho. "Ungeniachia bila hilo, baba," alisema. Akamwinamia, akamlazia shavu kwenye kofia, akapanda. Hupiga simu Krismasi na siku ya mtakatifu wa jina la mzee, huuliza kuni kama zinatosha. Hajarudi.

Kassian hakukirudisha kitanda juu. Vinzenz alijitolea kumsaidia, akakatazwa. Mzee bado analala nyuma ya jiko, na chumba kikubwa kiko wazi, kimetandikwa. Wakubwa wa mlima waliweka ubao pale juu ya nyeusi, kwa lugha nne, unaosema kwamba nje ya nguzo hapalindwi. Mzee ndiye aliyewaomba. Wageni hupiga picha wameuegemea.

Lakini jambo linalomla si ubao. Siku ile, kabla watu hawajapakanyaga, Kassian aliziona alama za Wendell. Zilishuka katikati ya njia nyeusi, mikunjo mizuri, ya mtu mwenye furaha. Zikafika kwenye nguzo moja ya ukingo wa kulia, yenye kichwa cha chungwa, aliyoisimika kwa mkono wake, na hapo zikasimama. Theluji ilikuwa imelaliwa na ski kwa ubavu, kama ya mtu aliyekaa kitambo. Palikuwa na matundu mawili ya fimbo zake za kutelezea, moja upande wa ndani wa nguzo, moja upande wa nje. Ndipo alama zikatoka.

Mtu anayejua kwamba yuko ndani ya kamba hasimami. Anapita tu. Mzee amemwuliza Vinzenz, naye akatazama viatu vyake. Amemwuliza padri, padri akamwombea. Mwaka mmoja, siku ya Krismasi, alimwuliza Burgi kwenye simu, akasikia pumzi yake tu kutoka ng'ambo ya bahari, mpaka laini ikakatika. Nami ameniuliza, mara nyingi, tukiwa tumekaa kwenye benchi lake lililoegemea ukuta wenye jua:

"Kama alidhani ni salama, mbona alisimama?"