Kushuka Korongo na Baba Mkwe

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye gari na kopo la rangi ya kuandikia kibao alikuwa na kampuni ya utalii, na bosi wangu pale Mikumi hakutaka kupitwa. Aliwaahidi wageni kwamba tutawashusha kwa kamba na kuogelea katika korongo la mto, milimani juu ya Lumuma, korongo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulitia machoni. Kazi ya kwenda kulijaribu ikaniangukia mimi, kwa kuwa nimezaliwa Ukerewe na maji nayajua. Nikifaulu, ningekuwa kiongozi wa wageni. Nikishindwa, ningerudi jikoni kuwakaangia mayai.

Tulitoka Mikumi alfajiri na Sudi, mwenzangu, aliyejifunza mambo ya kamba alipokuwa akiwabebea mizigo wapanda milima Kilimanjaro. Gari likatuharibikia kabla hatujafika Kilosa. Dereva wetu akaenda Magomeni ya palepale Kilosa kutafuta spea, akarudi baadaye sana ameshiba wali, spea hana. Akalifunga gari kwa waya, tukaendelea. Nilikuwa nimechoka na safari hata haijaanza.

Lumuma tulifikia kwa wakwe zangu, kwa kuwa mume wangu, Yona, ni mwenyeji wa huko, ingawa kazi yake iko shamba la mbegu, Kilangali. Nikapiga magoti, nikatoa shikamoo, marahaba nikapewa. Mambo yaliharibika niliposimama na suruali yangu ya mitumba ikaonekana. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, na mila hachezi nayo. Kwao mkaza mwana hagusani na baba mkwe, wala hampi kitu mkononi. Unakiweka chini, unarudi nyuma, yeye anaokota. Na akiwa na neno kwako, anampa mtu mwingine akuletee.

"Mwambie mke wa mwanangu," alimwambia Sudi, nami nimesimama palepale, "haendi porini na mwanamume asiye wa kwetu. Nitakwenda nanyi. Tukirudi, ndipo nitamwambia Yona kama kazi hii inamfaa mke wa mtu."

"Muulize baba kama anajua kuogelea," nikamwambia Sudi.

Mzee akajibu kwamba mto ule ameuvuka tangu utotoni. Jamani, nani aliuliza habari za kuvuka? Lakini nikaenda kufungasha kamba. Yona namjua, baba yake akisema hapana, kazi imekwisha.

Asubuhi tulifika kwenye mdomo wa korongo. Nikaweka mkanda wa kamba juu ya jiwe, nikarudi nyuma. Mzee akauokota, akauvaa nyuma mbele. "Mwambie kageuza," nikamwambia Sudi. "Mwambie nimeona," mzee akasema, na hakuwa ameona kitu. Nikasema avue koti, jibu likaja kwamba hawezi kuvua koti mbele ya mkwe. Kila neno lilipita kwa Sudi, na maporomoko yananguruma, mpaka Sudi akakaukwa na sauti. Nilitamani kulia.

Kwenye poromoko la pili kulikuwa na bwawa refu jeusi, na ilibidi Sudi abaki juu kuachia kamba. Nikashuka mimi kwanza, nikaogelea hadi kwenye mwamba wa ng'ambo. Mzee akashuka vizuri tu, mpaka miguu ilipogusa maji. Hapo akaona kamba inambana, akaifungua. Koti likanywa maji, akaanza kutapatapa. Nikachukua tawi lililokuwa limekwama kwenye mawe, nikamnyooshea.

"Weka chini," alisema, maji yako kidevuni.

"Chini wapi, baba?"

Akaliangalia lile tawi, akarudisha mkono, akazama.

Nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa. Nikajitupa, nikamkumbatia kifua kwa nyuma kama tunavyookoana kwetu, nikamvuta. Alikuwa mzito kama gunia la mpunga lililolowa. Juu ya mwamba nikamlaza, nikamkandamiza mgongo huku namgombeza: mtu mzima, unafungua kamba majini, ulitaka nikamwambie nini Yona? Alipoacha kutapika maji nikakumbuka ninayesema naye ni nani. Nikamwachia, nikasogea mbali. Yeye akanigeuzia mgongo. Sudi akashuka, tukamaliza korongo. Chini ya hapo njia ilikuwa rahisi, mtoto angepita.

Kesho yake, wakati wa kurudi, mzee alipanda gari nasi hadi Kilangali akaseme na mwanawe. Njia nzima nilikuwa nayahesabu mayai ya wageni.

Yona alitoka shambani na matope miguuni. Akaamkia, akauliza habari za safari.

"Mbaya," mzee alisema. "Mkeo amenishika kifua. Amenigombeza kama mtoto. Na huyu Sudi ameona."

Yona akainamisha kichwa. "Basi ataacha, baba."

"Nani amesema aache? Angeacha jana, leo ungekuwa unachimba kaburi." Kisha akanigeukia mimi mwenyewe, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. "Eda," akasema, "lini utanifundisha kuogelea?"

Ndicho nilichojifunza katika safari ile, kwamba kukubaliwa na wakwe nako ni mzigo. Uongozi wa wageni nimeupata, na mwanafunzi nimepewa juu yake. Hasikii, anabishana na maji, na kila nikimshika mkono ananiambia nisimwachie.