Mafuta ya Upako kwenye Kona ya Tatu

Nilipaka mafuta ya upako kioo cha mbele cha gari la mbio, kwa ndani, muda mfupi kabla ya mbio kuanza. Natanguliza hilo ili msije mkafika katikati mkadhani nilikuwa mtoto mzuri.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Majuzi, hapa Columbia Heights, Marekani, jirani yetu alinasa kwenye theluji mbele ya jengo letu. Badala ya kutafuta koleo kama watu wengine, alikanyaga eksileta, tairi zikazunguka palepale mpaka zikatoa moshi. Mimi nilikuwa nasubiri basi la shule, meno yanagongana, na ile harufu ya mpira unaoungua ikanikaa puani. Mara nikawa na miaka kumi tena, ni kiangazi, niko kwenye uwanja wa mbio, na viganja vyangu vinateleza.

Najua, nina miaka kumi na saba. Mtu wa umri wangu kusimulia utoto wake ni kama kifaranga anayesimulia maisha ya ndani ya yai huku ganda bado liko kichwani. Nivumilieni.

Mjomba Zakayo ni mdogo wake Mama, kitinda mimba wa kwao Moshi. Alikuja Marekani kusoma uhasibu, akaumaliza, cheti akakiweka kwenye droo ya soksi, akaingia gereji. Jumamosi za kiangazi alikuwa anashindana kwenye viwanja vidogo vya vumbi huko mashambani, kwa magari ambayo hata mwizi angeyaonea huruma. Jumapili akija kwetu kula, anachukua kikombe cha chai na kukizungusha mezani, kushoto, kushoto, kushoto tena, akinionyesha jinsi ya kuingia kwenye kona.

"Zaka," Mama alikuwa anamwambia, "mtu anazunguka masaa mawili halafu anashuka palepale alipopandia. Hiyo ni safari gani?"

"Hiyo ni kazi, dada."

"Mwenda pole hajikwai."

"Kule mwenda pole anagongwa nyuma."

Mama hakucheka. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Kiangazi kile kulikuwa na mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Dale, mnene, mtafunaji wa mbegu za alizeti, mwenye gari la mbio za kulipwa. Yale magari kwa nje yanafanana na haya ya barabarani, ila ndani hamna kitu isipokuwa mabomba ya chuma na kiti kimoja. Milango haifunguki, dereva anaingia kwa dirishani kama kibaka. Mjomba alikuwa fundi wake. Dereva wake akavunjika kifundo cha mkono, na Bwana Dale akamwambia Mjomba: Jumamosi hii endesha wewe. Ukimaliza ndani ya kumi bora, kiti ni chako mpaka msimu uishe. Usipomaliza, basi, tutakuwa tumejaribu.

Mjomba alikuja kutuambia akiwa amesimama. Alishindwa kukaa. Sijawahi kumwona mtu mzima ana furaha ya namna ile, furaha ya kutojua mikono aiweke wapi.

Sasa lazima niwaeleze jambo letu. Kwetu gari jipya halianzi kazi kabla halijaombewa. Ibada ya Kiswahili ikiisha, mwenye gari analisogeza karibu na mlango wa kanisa, mchungaji anaweka mkono kwenye boneti, na Mama Neema, mwenyekiti wa akina mama, anakuja na kichupa chake cha mafuta ya zeituni. Usukani unapakwa, tairi zinapakwa, na kama gari ni zuri sana hata buti linapata. Nimeona magari yamepakwa mpaka ungeweza kukaangia maandazi juu yake. Hakuna anayeona ajabu. Ajabu ni kuendesha gari kavu.

Gari la Bwana Dale lilikuwa kavu, na akina mama walilijua hilo wiki nzima.

"Mama Eliya," Mama Neema alimwambia Mama kwenye simu, sauti ikisikika mpaka jikoni, "mdogo wako anaingia kwenye kile chuma hakijaguswa na mtu?"

"Si gari letu, Mama Neema."

"Mungu hajaomba kuona kadi ya gari."

Basi Jumamosi tukaenda, sisi na Mama Neema, mwendo wa kama saa moja nje ya jiji. Tulibeba sufuria la pilau, chupa mbili za chai na kachumbari kwenye ndoo, kana kwamba tunakwenda msibani. Uwanja wenyewe una umbo la yai, lami imelazwa mteremko kutoka ukutani kushuka ndani, kona nne, zote za kushoto. Kabla ya mbio waliwaruhusu watazamaji washuke mpaka barabarani. Magari yalikuwa yamepangwa kwenye kivuli cha jukwaa, yanang'aa kama peremende, watu wanapiga picha. Mjomba alikuwa kwenye mkutano wa madereva. Bwana Dale alikuwa amesimama nyuma ya gari, akitema maganda ya mbegu na kuongea na watu.

Mama akafungua mkoba. Kichupa cha Mama Neema kilikuwa chini kabisa, kimezungushiwa tishu.

"Mimi nikienda wataniuliza," alisema. "Wewe mtoto, hawatakuuliza. Tone moja. Usukani tu. Unasema, Mungu mlinde mjomba, unarudi. Usilete mchezo wako."

Nilikwenda nikiwa na nia njema, naomba hilo liandikwe. Niliingiza kichwa dirishani, nikajivuta mpaka tumboni, miguu ikabaki nje inaning'inia. Ndani kulinuka petroli na jasho la mtu mwingine. Nikaweka tone kwenye usukani. Kazi ilikuwa imekwisha. Ila niligeuza macho nikaona msichana wa Kizungu mwenye koni ya aisikrimu amesimama upande wa pili, ananiangalia, anacheka.

Mchekeshaji akipata mtazamaji mmoja tu, amekwisha.

Nikaanza kumwigiza Mama Neema. Nikafumba macho, nikatetemesha taya, nikasema "kwa jiiiina" kwa ile sauti yake ya puani. Yule msichana hakuelewa neno hata moja na alicheka mpaka aisikrimu ikamdondokea. Nikamimina mafuta kiganjani. Nikachora msalaba kwenye kioo, mkubwa, kutoka juu mpaka chini, upande wa dereva. Nikaongeza mwingine. Fundi mmoja akapiga kelele, "Hey, mdogo, toka humo," nikashtuka, nikavua fulana nusu nikapangusa kioo chote haraka haraka. Pale kivulini kikaonekana safi. Kikaonekana kizuri kuliko mwanzo, kwa kweli.

"Umefanya?" Mama akaniuliza.

"Nimefanya."

"Tone moja?"

"Mama, gari limebarikiwa." Akanivuta sikio, lakini kidogo, kwa sababu ya watu.

Zile mbio zilipoanza sikuzisikia kwa masikio, nilizisikia kifuani, kama mtu ananipiga ngumi kwa ndani bila kuniumiza. Mjomba alianza nyuma ya katikati. Akampita mmoja, akampita mwingine kwa chini, akaingia kwenye kona kama vile alivyokuwa akizungusha kikombe, nikajikuta nasema kushoto, kushoto. Akafika wa nane. Mama Neema akapiga vigelegele, na mzee mmoja mwenye kofia, aliyekaa nyuma yetu, akauliza kwa upole kama yule mama anahitaji daktari.

Mama yangu hakupiga vigelegele. Alikuwa ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. Gari la Mjomba likipita mbele yetu anafumba macho, likienda upande wa pili anafumbua. Nilidhani anaogopa kelele.

Kisha jua likashuka. Lilishuka likakaa sawasawa mbele ya wanaoingia kona ya tatu, jekundu, kubwa, halina adabu. Magari mengine yaliingia ndani yake yakatoka. Mjomba akapunguza mwendo. Mzunguko uliofuata akapunguza tena, palepale. Akapitwa na mmoja, wakampita wawili.

"Sabini na moja anaiogopa kona ya tatu," yule mzee akamwambia mwenzake. Sabini na moja ilikuwa namba ya Mjomba.

"Anaiogopa vibaya," mwenzake akajibu. "Inasikitisha. Alianza vizuri."

Mama Neema hajui Kiingereza kingi. Aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema anaendesha kwa heshima.

Akawa wa kumi na mbili. Akawa karibu na wa mwisho. Halafu akaingia kona ya tatu akiwa juu mno, ubavu wa gari ukaugusa ukuta, ukausugua kwa muda mrefu, cheche zikaruka, gari likasimama. Akatoka mwenyewe dirishani, mguu mmoja, mguu wa pili. Akasimama kwenye nyasi na helmeti kichwani, hakuivua. Hapo ndipo Mama alipotoa pumzi. Niliisikia pumzi ile licha ya injini zote.

Mbio zilipoisha tuliruhusiwa kwenda walipo mafundi. Bwana Dale hakugomba. Afadhali angegomba.

"Nini kilitokea, Zak?"

"Jua. Nikifika pale kila kitu kinakuwa cheupe. Sioni ukuta, sioni mtu."

Bwana Dale akaliangalia jua, akayaangalia yale magari mengine yanayopandishwa kwenye matrela. "Jua lilikuwa la wote," akasema, na akamgusa bega, kama unavyomgusa mtu aliyefiwa na mtu usiyemjua.

Mafundi wote walikuwa wameinama kwenye ubavu uliokunjika. Mimi nilikuwa mbele ya gari. Mwanga wa mwisho ukapiga kioo, nikaona. Utando mweupe, kioo kizima, na ndani yake mistari ya vidole vyangu, na msalaba umesambaa kama ukungu. Tulisimama tukitazamana, mimi na kioo, mpaka wakalifunika gari kwa turubai.

Tulipofika kwenye maegesho Mjomba alimwambia Mama, huku anatabasamu, "Dada, kumbe mimi mwoga. Nilikuwa sijui." Alilisema kama mtu aliyepimwa damu akaambiwa ana kundi fulani. Akaingia kwenye gari letu, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda. Sisi tukabaki nyuma, tunapakia masufuria. Mama Neema alikuwa amekwenda msalani. Nikamwambia Mama kila kitu: usukani, msichana, kioo, fulana. Nilimwambia pia kwamba naenda kumwambia Mjomba sasa hivi. Alichonijibu nitakiweka mwisho, maana kwa miaka yote hii ndicho nilichokitafuna.

Bwana Dale hakupiga simu tena. Mjomba aliacha gereji, na vile viwanja vya vumbi hakuvikanyaga tena. Sasa yuko kwenye ghala moja huko Maple Grove, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, taratibu. Kikombe cha chai anakinywa tu. Akiendesha gari anashusha kile kibao cha kuzuia jua, hata Januari, hata mawingu yakiwa yamefunika mbingu kama blanketi la hospitali. Nikimuuliza, anasema, "Macho yangu na jua hayapatani, mjomba." Ana miaka thelathini na tisa na anaongea kuhusu nafsi yake kama kesi iliyokwisha kuhukumiwa.

Kwa muda mrefu nilidhani Mama alikuwa ananikinga mimi. Baadaye nikadhani anamkinga Mama Neema na mafuta yake. Ni baridi hii tu, nikisimama kituoni na ile harufu puani, ndipo nilipoikumbuka ile pumzi, na macho yale ya kufumba na kufumbua, nikaelewa kwamba mle jukwaani watu wote tulikuwa tunamwomba Mungu Mjomba ashinde, isipokuwa mtu mmoja. Jumapili iliyopita Mjomba alinipa lifti kutoka kanisani. Kibao kimeshushwa, nje kijivu kitupu. Nilifungua mdomo. Nikauliza kama redio inafanya kazi.

Siku ile, pale nyuma ya gari, Mama alifunga buti. Akachukua khanga, akanifuta viganja, kidole kimoja kimoja, mpaka mafuta yakaisha. Aliangalia ndani kupitia kioo cha nyuma, kichwa cha mdogo wake kimeinama. Kisha akaniambia:

"Usimwambie. Akijua ni mafuta, atarudi humo ndani."