Ugali Ulioniacha Mwaloni

Kanisa letu la Igoma lilipopanga kwenda kuhubiri kisiwani, mchungaji alitupa masharti mawili. La kwanza, siku saba za kufunga, bila chakula mpaka jua lizame. La pili, hakuna atakayepanda boti akiwa na ugomvi na mtu. "Mtampelekea nani amani," aliuliza, "wakati nyumbani mnanuniana?" Tukaitikia amina kwa sauti kubwa, hasa sisi tulionuna.

Mimi niliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na safari ile niliitaka sana. Shida ilikuwa jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyenizidi umri, anayekaanga samaki wa kuuza mbele ya nyumba. Miaka mitatu nyuma moshi wake uliingia kwenye sare yangu ya kwaya niliyokuwa nimeianika. Nikatoka na ndoo ya maji, nikauzima moto wake, samaki wakabaki wabichi upande mmoja. Hakunijibu neno. Kimya kile kiliniudhi kuliko tusi, nikakiita kiburi. Tangu siku hiyo nikamnyima shikamoo.

Siku ya nne ya mfungo nikatafuta ujanja. Nilijua saa saba mchana huwa ameenda mwaloni, kule boti za wavuvi zinakotia nanga, kununua samaki. Ningebisha hodi, nisimkute, kisha nikashuhudie kanisani kwamba nilikwenda. Nikagonga kwa kidole kimoja, polepole. Mlango ukafunguka kabla sijageuka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Marahaba. Marahaba," akajibu. "Nakujibu na zile ulizomeza."

Nikaomba msamaha mbiombio. Akasikiliza, akatabasamu. "Siku ile ilikuwa Ramadhani, nimefunga. Aliyefunga hagombani, ndiyo maana nilinyamaza. Nikakusubiri baada ya Idi tugombane vizuri, hukuja."

Niliona aibu. Mimi kwa siku nne tu za kufunga nilikuwa nimeshakaripia watoto wangu, kondakta na paka wa watu.

Akaleta maji ya kunawa, ugali wa moto na samaki sato wa kuchemsha. Huku kwetu watu hawapatani kwa mdomo mtupu. Ukikataa chakula, umeurudisha msamaha. Ningeweza kusema nimefunga, na yeye angenielewa kuliko mtu yeyote. Lakini nilikuwa nimemkataa miaka mitatu, nikaona nikimkataa na leo, hata kwa sababu nzuri, sitarudi tena mlangoni pale. Nikanawa. Njaa nayo, sitaki kudanganya, ilisema amina.

Siku ya mwisho mchungaji aliuliza nani amevunja mfungo. Watu wakaangalia miguu yao. Nikasimama peke yangu, nikaeleza yote.

"Ulikula kidogo tu?" akauliza, nadhani akitafuta namna ya kuniokoa.

"Niliongeza mara mbili, mchungaji."

Kanisa zima likacheka. Hata yeye alificha mdomo kwa Biblia. Lakini sharti ni sharti, na katibu, ambaye hasalimiani na kaka yake tangu wagombanie mpaka wa shamba, akalikata jina langu kwenye orodha ya safari kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi asubuhi niliwasindikiza mwaloni. Boti iliondoka wakiimba, sauti ya pili ikipwaya. Nililia, na ilikuwa hasira, si toba.

Niliporudi nilimkuta jirani anaparua samaki.

"Hukwenda?"

"Ugali wako umenikata jina. Siku ile nilikuwa nimefunga."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanitazama. "Wewe mwanamke, ulijua watakukata, ukala?"

"Nilijua."

Akanisogezea kigoda na kisu cha pili. Tukaparua samaki wawili watatu, ndipo akaanza uchokozi wake.

"Hao wa kisiwani mnawajua?"

"Hatuwajui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na mimi tumekaa ukuta mmoja miaka tisa. Dini yangu sibadili, usijipe moyo. Lakini hata kabla ya ndoo yako, shikamoo ulikuwa unaitupa huku unapita. Hujawahi kukaa chini ukaniuliza nimeamkaje."

Nikaweka kisu chini. Nikauliza ameamkaje, na jibu lake lilichukua mpaka adhuhuri.